The Long Dark: nguvu zake ni zipi, na udhaifu wake unaanzia wapi?

Kandili (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Karibu michezo yote ya video ya kunusurika niliyoizoea, ile inayoanza baada ya dunia tunayoijua kuharibika, ina adui mwenye sura. Katika Project Zomboid ni wafu wanaotembea. Katika DayZ ni mchezaji mwenzako aliyejibanza dirishani na bunduki. Wiki tatu zilizopita nilianza The Long Dark, mchezo wa studio ya Hinterland ya Kanada, na nimekuta jambo ambalo sikulitarajia. Dhoruba ya sumaku imezima umeme na mitambo yote, kisiwa cha Great Bear kimebaki na theluji, nyumba tupu na maiti zilizoganda, na hakuna kinachoniandama isipokuwa baridi, njaa, kiu, uchovu na wanyama wenye njaa kama mimi.

Mpaka sasa nimekufa mara nne, zote katika kiwango cha ugumu kiitwacho Voyageur. Mara ya kwanza niliganda usiku wa kwanza nikitafuta nyumba katika eneo la Mystery Lake. Mara ya pili ni mbwamwitu, kwa sababu nilikuwa nimebeba nyama mbichi na sikujua kwamba harufu yake inawaita kutoka mbali. Mara ya tatu nilikanyaga barafu nyembamba katika eneo la Coastal Highway, nikatumbukia, nguo zikalowa na kuganda mwilini, nami sikuwa na njiti hata moja ya kiberiti. Mara ya nne ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilikuwa nimefika siku ya 21, nikaporomoka nilipokuwa nikishuka mteremko mkali, na mchezo ukafuta kila nilichokuwa nimekijenga, kama kanuni yake ilivyo.

Kabla sijaanza mara ya tano ningependa kusikia kwa waliocheza kwa muda mrefu kuliko mimi. Hofu hii ninayoihisi sasa ndiyo raha yenyewe ya mchezo; je, inadumu, au huisha mtu anapozoea? Na je, nianze na hadithi yake iitwayo Wintermute au niendelee na hali ya kunusurika isiyo na mwisho? Naomba msinifichie kasoro zake. Nimeshasoma sifa za kutosha.

Mlinzi wa Moto

Ndugu Kandili, nimesoma mada yako mara mbili kwa sababu vifo vyako vinne vinaeleza mchezo huu vizuri kuliko tathmini nyingi nilizowahi kusoma. Hukuuawa na bahati mbaya hata mara moja. Kila mara kulikuwa na jambo ambalo hukulijua, na sasa unalijua. Hapo ndipo nguvu ya The Long Dark ilipo, na nikueleze mapema kwamba udhaifu wake mkubwa nao umetoka mahali hapohapo.

Mchezo haukupi pointi za uzoefu zinazokufanya uwe jitu. Zipo ngazi za ustadi, kama kuwasha moto, kupika, kulenga shabaha na kushona, lakini hazitoshi kukuokoa. Kinachokuokoa ni maarifa yaliyo kichwani mwako wewe uliyeshika kidhibiti. Ukishajua kwamba upepo ukivuma kutoka mbele joto la mwili linashuka upesi kuliko kipimajoto kinavyoonyesha, hutalisahau, hata kama mhusika wako amekufa na faili lake limefutwa. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza siku 21 za mchezo na bado akaanza upya akiwa tajiri kuliko alivyokuwa.

Naomba nikupe mfano mmoja ambao sijausahau. Nilikuwa siku ya 9 katika Pleasant Valley, bonde ambalo wachezaji wengi wanaliogopa kwa sababu ya dhoruba zake. Nilikuwa nimepata mzoga wa kulungu, nikachuna ngozi, nikakata nyama, na nikiwa bado nimeinama juu ya mzoga upepo ukabadilika sauti. Nilipoinuka sikuona hata mkono wangu. Nilijikongoja hadi nyuma ya jiwe kubwa nikiwa na njiti 3. Ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika, nikaongeza vijiti, kisha gogo la mwerezi, nikaweka kopo la theluji pembeni ili iyeyuke nipate maji ya kunywa. Nadhani nilikaa pale saa moja ya mchezo, ambayo ni kama dakika 5 za kwetu, nikitazama mshale wa joto ukipanda polepole. Halafu upepo ukageuka, ukaja upande ule ambao jiwe halikuukinga, na moto ukazimika mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimewahi kuchomoa kijinga kabla haujafa. Nacho kikazimika nikiwa sijapiga hata hatua kumi.

Nilibaki na njiti moja, na nikaamua kutoiwasha. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa nikija nilivuka ua wa mbao upande wa kushoto, na kwamba ua wa shamba huelekea nyumbani. Nilitembea nikilenga pale nilipodhani upo hadi nikakigonga kiguzo cha kwanza, kisha nikafuata kiguzo baada ya kiguzo, nikisimama kila kimoja mpaka nilipoona kivuli cha kinachofuata. Nilipofungua mlango wa nyumba ya shamba, hali ya mwili ilikuwa asilimia 11. Hapakuwa na muziki wa ushindi. Kulikuwa na sauti ya mlango kufungwa, upepo ukabaki nje, na mbao za nyumba zikilia. Sikumbuki mchezo mwingine ulionifanya nishukuru kwa sababu ya mlango.

Jambo hilo haliwezekani katika mchezo unaokuruhusu kurudi nyuma dakika kumi ukajaribu tena. Hapa mchezo hujihifadhi wenyewe unapoingia ndani ya jengo, unapolala, au unapoumia, na hali ya mwili ikifika sifuri, kwa kawaida safari imekwisha. Wapo wanaoita huo ukatili. Mimi naona ndio unaoipa njiti moja ya kiberiti uzito wake. Sifa ya pili ni ukimya. Watengenezaji walikuwa na ujasiri wa kukuacha utembee kwa muda mrefu bila tukio lolote, ukisikiliza theluji chini ya buti, na picha zake zilizochorwa kama za rangi ya maji hazijachakaa tangu mchezo ulipoanza kuuzwa ukiwa bado haujakamilika mwaka 2014. Kwa kuwa hazikujaribu kuiga uhalisia, hazina uhalisia wa kupitwa na wakati.

Sasa nije kwenye udhaifu, kwa sababu umeomba usifichiwe.

Uliuliza kama hofu inadumu. Katika kiwango cha Voyageur, kwa mchezaji makini, haidumu. Ramani za maeneo hazibadiliki. Vitu vinavyopatikana ndani ya nyumba hubadilika kwa kiasi, lakini kilima kiko palepale, pango liko palepale, na ukishalijua bonde huwezi kujisahaulisha. Maarifa yaliyokuwa nguvu yako yanaanza kuula mchezo. Mtu aliyefika siku ya 50 akiwa na upinde, fuko zuri la kulalia na nguo za ngozi huwa ameshaushinda mchezo, ila mchezo haujamwambia.

Chukua ustadi wa kupika. Mwanzoni nyama ya mbwamwitu au dubu ni kitu cha kufikiria mara mbili, kwa sababu inaweza kukuachia minyoo ya tumbo, na tiba yake ni dozi za kila siku kwa siku nyingi huku mwili umedhoofika. Ukifika ngazi ya 5 ya kupika, hatari hiyo inaondolewa kabisa. Kuanzia siku hiyo kila mbwamwitu anayekuvizia ni kilo kadhaa za chakula zinazokujia zenyewe kwa miguu. Ustadi wa kuwasha moto nao ukifika ngazi ya 3, huhitaji tena kitu kikavu cha kuanzishia. Samaki wako ziwani chini ya barafu na hawaishi. Ufukweni bahari hutema makaa na miti michanga. Kioo cha kukuzia kinawasha moto bure siku yenye jua. Kila tatizo lililokuwa likikunyima usingizi linapata jibu la kudumu, na hakuna tatizo jipya linalokuja kushika nafasi yake. Kinachobaki ni kazi za nyumbani: kuchemsha maji, kukata kuni, kushona soksi, kulala.

Nimecheza safari moja hadi siku ya 214. Siku 60 za mwanzo ningeweza kukusimulia moja baada ya nyingine. Za baadaye sizikumbuki.

Upinde wa Mpera

Ninamheshimu sana Mlinzi wa Moto na simulizi yake ya kiguzo baada ya kiguzo nimeielewa kabisa, lakini sikubaliani kwamba huo ni udhaifu wa mchezo. Ni udhaifu wa kubaki katika kiwango ambacho umeshakihitimu.

Ndugu Kandili, juu ya Voyageur kuna Stalker, na juu yake kuna Interloper. Katika Interloper hakuna bunduki hata moja kisiwa kizima. Kisu na shoka hutaviokota, utavitengeneza. Ili uvitengeneze unahitaji nyundo nzito, mabaki ya chuma, na tanuri la mhunzi, na matanuri hayo yako maeneo machache tu, mbali na pale wengi wanapoanzia. Moto wa tanuri usipofika nyuzi 150 chuma hakifuliki, kwa hiyo ni lazima uje na makaa ya mawe, ambayo ni mazito na yanapatikana mapangoni na migodini. Wakati huohuo miti michanga ya upinde na mishale lazima iwe inakauka ndani ya nyumba fulani, pamoja na utumbo wa mnyama wa kutengenezea kamba ya upinde. Kila kitu hicho kinachukua siku, na baridi inazidi kadiri siku zinavyokwenda, tofauti na michezo mingi ambayo mwanzo wake ndio mgumu.

Hapo maarifa ya ramani hayali mchezo. Ndiyo tiketi ya kuingilia. Usiyeyajua utakufa siku ya pili. Unayeyajua utaanza kupanga safari kama nahodha anayehesabu maji: nikipitia reli nitapata pango la kulala, lakini nikichelewa saa mbili nitakuta mbwamwitu darajani. Mimi sijawahi kuvuka siku ya 90 katika kiwango hicho, na hofu sijaipoteza.

Kasoro ninayoiona mimi ni tofauti na ni ndogo, ila inachosha: duara linalojaa. Kufungua droo, unabonyeza na kusubiri duara lijae. Kabati, duara. Kuvunja kiti upate kuni, duara. Nyumba yenye droo 20 ni maduara 20, na droo nyingi ni tupu. Naelewa kwamba muda ni rasilimali katika mchezo huu, lakini muda unaopotea pale ni wangu mimi mchezaji, wala si wa mhusika aliyeko kwenye baridi.

Daftari la Rubani

Wenzangu wamezungumzia hali ya kunusurika. Niruhusuni niseme kuhusu hadithi, kwa kuwa mleta mada aliiuliza na ndiyo iliyonileta mimi katika mchezo huu.

Wintermute inamfuata Will Mackenzie, rubani wa ndege ndogo, na Astrid Greenwood, daktari aliyewahi kuwa mke wake, ambao wanaanguka Great Bear usiku ule mianga ya kaskazini inapowaka angani na mitambo kuzimika. Sehemu mbili za kwanza zilitoka Agosti 2017. Nilizicheza wakati huo na nilivunjika moyo. Mchezo uliokuwa umenifundisha kutembea kwa hiari yangu ulianza kunituma kama mtoto wa dukani: mletee bibi kipofu kuni, mletee chakula, rudi tena. Baridi ilikuwa ileile, njaa ileile, ila sasa havikuwa vyangu. Nilikuwa nikipambana navyo kwa niaba ya orodha ya mtu mwingine.

Kwa haki ya watengenezaji, walisikia. Desemba 2018 walizitoa sehemu hizo mbili upya baada ya kuzirekebisha kwa kiasi kikubwa, na ni nadra kuona studio ikirudi kufanya kazi ambayo tayari imeshauzwa. Sehemu ya tatu, ya mwaka 2019, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unamcheza Astrid, na kazi yako ni kuwatafuta manusura wa ajali ya ndege katika Pleasant Valley na kuwabeba hadi kwenye ukumbi uliogeuzwa kuwa kituo cha wagonjwa. Ukiwa umembeba mtu huwezi kukimbia, na huwezi kusahau kwamba naye anaganda. Hapo, kwa mara ya kwanza, kanuni za kunusurika na hadithi vilikuwa kitu kimoja. Kilo ulizozoea kuzihesabu kama nyama na kuni sasa ni binadamu.

Sehemu ya nne ilifuata mwaka 2021, na baada yake mashabiki wakasubiri ya tano kwa miaka. Hilo nalihesabu kama kasoro halisi. Hadithi iliyokatwa vipande na kuachwa hivyo kwa muda mrefu humfanya mtu afike akiwa amesahau ni nani alimwambia nini, na mafumbo ambayo yangemshika yanampita.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni mbwamwitu. Wanyama hawa katika mchezo humrukia binadamu mara nyingi mno kuliko wanavyofanya porini. Hadithi inatoa sababu, kwamba mianga ile imewachafua akili, na mianga inapowaka kweli wanakuwa wabaya zaidi. Sababu naikubali. Ninachokilalamikia ni kile kinachotokea akishakurukia: unabonyeza kitufe harakaharaka mpaka achoke. Katika mchezo uliojaa maamuzi ya utulivu, ambapo kila hatua unaipima, tukio la kutisha kuliko yote limegeuzwa kuwa kazi ya kidole gumba. Ningependa kuchagua kitu zaidi ya silaha pale chini, hata kama ni kuchagua kipi kiraruke, koti au mkono.

Kandili (mleta mada)

Nawashukuru sana, wakuu. Nimejifunza mengi, na hasa nimeelewa kwamba mnabishana kuhusu jambo moja kwa pande zake mbili: Mlinzi wa Moto anasema maarifa huua hofu, Upinde wa Mpera anasema maarifa ndiyo bei ya kuingia mahali penye hofu kubwa zaidi.

Bado nina jambo moja linalonisumbua, nami nauliza kwa dhati. Ile siku ya 21 niliyopoteza haikuwa tu vitu. Nilikuwa nimepanga nyumba ndogo kando ya ziwa: kuni upande huu, ngozi zikikauka upande ule, vitabu juu ya rafu ingawa nilijua ningeweza kuvichoma. Nilipokufa sikukasirika kwa sababu ya upinde niliokuwa nikiutengeneza, bali kwa sababu ya ile nyumba. Nikianza upya nitaikuta, kwa kuwa ramani haibadiliki, lakini itakuwa tupu na ya mtu mwingine. Je, kuna njia ya kucheza ambayo hainipotezei kila kitu, na je, kufanya hivyo ni kuuharibu mchezo?

Mlinzi wa Moto

Nyumba yako ya kando ya ziwa imenifanya nifikirie upya baadhi ya niliyoyaandika juu, ndugu Kandili, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, jibu la moja kwa moja. Ipo hali ya kujipangia masharti mwenyewe, ambapo unaweza kupunguza au kuongeza karibu kila kitu: wingi wa mbwamwitu, kasi ya njaa, ukali wa dhoruba, kasi ya mwili kupona. Unaweza kuweka baridi kali ya kiwango cha juu na bado ukaacha vitu vipatikane. Unaweza pia kucheza kiwango cha chini kabisa, Pilgrim, ambapo wanyama wakali hukukimbia badala ya kukurukia. Wapo wanaocheza humo kwa miaka, wakitembea tu na kuangalia machweo. Huko si kuuharibu mchezo. Kifo bado kipo hata hapo, ila kinakusubiri ufanye kosa kubwa badala ya kukutafuta.

Lakini ningekushauri usikimbilie huko bado. Nilisema kwamba baada ya siku ya 60 sikumbuki kitu, na ni kweli. Ila nikifikiri vizuri, sababu si kwamba mchezo ulikosa hatari peke yake. Sababu ni kwamba sikuwa nimepanga vitabu juu ya rafu. Niliishi ndani ya nyumba ile ya shamba kama mtu anayelala stoo. Nyama ilikuwa imerundikana mlangoni, kuni katikati ya sebule. Sikuwa na lolote la kupoteza isipokuwa namba ya siku.

Watengenezaji wenyewe walijaribu kusukuma wachezaji upande wako kwa njia ndogondogo. Zamani wachezaji wajanja waligundua kwamba unaweza kukaa na njaa mchana kutwa, ukala kidogo kabla ya kulala, na usingizi ukarudisha hali ya mwili iliyopotea. Kwa hiyo watu waliishi mamia ya siku wakiwa na njaa ya kudumu, kwa sababu hesabu ilikubali. Jibu la studio halikuwa adhabu. Waliongeza zawadi: ukikaa saa 72 bila kushikwa na njaa, mwili unaimarika kidogo na unaweza kubeba kilo 5 zaidi. Zawadi hiyo ilibadilisha jinsi ninavyocheza. Nilianza kuwinda kabla sijahitaji nyama. Nilianza kupika jioni.

Upinde wa Mpera yuko sahihi kwamba Interloper inarudisha hofu. Ninachosema mimi ni kwamba kati ya hofu ya mwanzo ya Voyageur na hesabu kali za Interloper kuna pengo ambalo mchezo wenyewe haukulijaza, na anayelijaza ni mchezaji. Huo ni udhaifu, siufuti. Mchezo unaokutaka ujitungie sababu ya kuendelea umekuachia kazi ambayo ilikuwa yake. Ila wewe umeshaanza kuifanya bila kuambiwa na mtu.

Upinde wa Mpera

Naongeza neno moja la kiufundi kabla Kandili hajaanza safari ya tano.

Chukua mkaa kutoka kwenye kila moto uliozimika. Ukisimama mahali pa juu siku yenye anga safi unaweza kuutumia kuchora ramani ya eneo linalokuzunguka. Ramani hiyo haina alama inayokufuata kukuonyesha ulipo, kwa hiyo itakubidi uisome kwa kulinganisha mlima ulio mbele yako na mlima ulio kwenye karatasi, na hilo litakufundisha eneo haraka kuliko kutangatanga. Pia usilale njaa ukiwa mbali, usivue nguo zilizolowa na kuzitupa sakafuni mbali na moto, na ukiona neno la onyo kwamba barafu ni dhaifu, usigeuke. Rudi kinyumenyume ulikotoka.

Na mteremko uliokuua siku ya 21: mteremko mkali hutegua kifundo cha mguu hata usipoanguka, na mzigo ukizidi uwezo wako hatari inaongezeka. Kabla ya kushuka fungua begi uangalie uzito. Mara nyingi utakuta umebeba mawe.

Kandili (mleta mada)

Nimeangalia picha ya skrini niliyoipiga jioni ya siku ya 20. Nilikuwa nimezidisha kilo 9, na kati yake zaidi ya 4 zilikuwa vitabu nilivyokuwa navipeleka nyumbani.

Nitaanza tena leo usiku, Voyageur, Mystery Lake, na nitatembea moja kwa moja hadi kwenye ile nyumba ya kando ya ziwa kuona ndani yake kuna nini safari hii. Nikifika siku ya 22 nitaandika hapa.